Kelele za Mlango, Usingizi wa Mpangaji

Tukitaka kuwapuuza wanaotusema tuna methali yetu tayari: kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Kila anayeitamka anajiona yeye ndiye mwenye nyumba. Sijawahi kumsikia mtu akiitumia akiwa upande wa pili wa ukuta. Methali inatupa habari za mlango, inatupa habari za mwenye nyumba, halafu inanyamaza kuhusu mpangaji wa chumba cha pili, ambaye mlango si wake ila mlio wake unamfikia wote.

Nataka kumzungumzia huyo mpangaji, na nimechagua kumfikia kupitia jambo ambalo wapenzi wa fasihi wanaweza kuliona dogo, hata la kitoto: kuunda kompyuta ya kuchezea gemu, kwa pesa kidogo, isiyopiga kelele, katika chumba cha kupanga Majengo, Mpanda. Ushauri wa kununua vifaa umejaa kila mahali, na kidogo utaupata humu pia. Ila swali linalonikaa kichwani ni jingine: jirani ana haki gani ndani ya bajeti yangu? Pesa ni yangu, nimeitolea jasho, starehe ni yangu. Je, kwenye ile karatasi ninayoandikia prosesa shilingi kadhaa, kadi ya grafiki shilingi kadhaa, kuna mstari ambao ni wake?

Tuanze na mahali penyewe. Majengo ziko nyingi. Iko ya Moshi, iko ya Dodoma, iko ya Mombasa, na Nairobi nao wana ya kwao. Jina lote limekuja katika wingi. Sijasikia mtaa unaoitwa Jengo. Na wingi huo ndio habari yenyewe. Nyumba ya kupanga tunayoijua wengi ina korido katikati, vyumba kulia na kushoto, choo nyuma, bati juu. Mara nyingi ukuta unaotenganisha vyumba haufiki kwenye bati, na siling'i hakuna. Faragha yetu inaishia pale matofali yalipoishia. Kutoka hapo kwenda juu, kikohozi chako ni cha nyumba nzima, redio yako ni ya nyumba nzima, na ugomvi wako na mwenzio kesho utaulizwa unaendeleaje.

Mpanda ina jambo lake la ziada. Kwa miaka mingi mji huu, ambao tangu 2012 ni makao makuu ya mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa, haukuwa kwenye gridi ya taifa. Umeme wake ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO. Fikiria maana yake. Taa ilikaa kimya sebuleni kwa sababu injini ilikuwa inanguruma mahali pengine. Utulivu wa chumba kimoja ulilipiwa kwa masikio ya watu wa eneo jingine. Mtu aliyekulia mji wa namna hiyo hahitaji kufundishwa kwamba starehe ina mlio, na kwamba mara nyingi aliye na starehe na aliye na mlio ni watu wawili tofauti.

Sasa kompyuta. Kwa nini inapiga kelele? Hapa lazima nieleze kidogo kiufundi, na naomba msomaji asinikimbie.

Umeme wote unaoingia ndani ya kompyuta hutoka kama joto. Wote. Mashine inayokula wati 400 ni jiko la wati 400, iwe inachora uwanja wa mpira au inachora vita. Joto hilo lazima litolewe, na anayelitoa ni feni. Feni ikizunguka polepole inanong'ona. Ikizunguka haraka inalia. Na haipandi kwa uwiano wa kawaida. Kwa kanuni wanazotumia mafundi wa feni, ukiongeza kasi ya feni ileile mara mbili, mlio unapanda kwa takriban desibeli 15, na kila desibeli 10 sikio la binadamu huzisikia kama kelele iliyozidi mara mbili hivi. Kwa hiyo mnyororo ni huu: tamaa inaita wati, wati zinaita joto, joto linaita feni, feni inamwamsha mama wa chumba cha pili ambaye saa kumi alfajiri anatakiwa awe anakanda maandazi ya kuuza.

Ukiuelewa mnyororo huo, utaona kwamba ukimya haununuliwi mwishoni kama kapeti. Watu wengi hununua mashine yenye nguvu kupita uwezo wa chumba, kisha wanatafuta feni za bei mbaya za kuinyamazisha. Ukimya unaamuliwa mwanzoni kabisa, pale unapojiuliza: kwa kweli nahitaji wati ngapi?

Chukulia kijana ana shilingi 900,000 na chumba kimoja. Anataka kucheza mpira na gemu za magari, na siku moja moja ile GTA San Andreas ya 2005 ambayo vijana wa hapa hawaichoki. Njia ya kwanza ni kununua kompyuta ya ofisini ya mtumba, zile Dell OptiPlex zinazomaliza muda wake huko ughaibuni na kuja kujaa kwenye maduka ya Kariakoo. Akipata yenye Core i5-8500 ya mwaka 2018, amepata viini sita kwa wati 65. Pawa saplai za mashine hizo huwa ndogo na za umbo la kwao wenyewe, kwa hiyo anachagua kadi ya grafiki isiyodai waya wa ziada, mfano GTX 1650, ambayo matoleo yake mengi hutosheka na wati 75 zinazotoka kwenye mazabodi. Apime kasha kwanza, maana matoleo membamba ya OptiPlex hayapokei kadi ya urefu wa kawaida.

Njia ya pili ni kuanza upya na Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ndani yake na imepangiwa wati 65. Kadi anaiacha, atainunua mwakani Mungu akipenda. Hapo anaweka pawa saplai yenye alama ya 80 Plus Bronze, kwa sababu ile isiyo na alama yoyote inapoteza umeme mwingi zaidi njiani, na umeme uliopotea ni joto lililozaliwa bure. Anachukua SSD badala ya diski ya kuzunguka, maana SSD haina kinachotembea ndani yake, kwa hiyo haina cha kulia. Na kwenye kasha anafunga feni pana za milimita 120, zinazosukuma upepo uleule kwa mizunguko michache kuliko feni ndogo za milimita 80.

Linganisha na upande mwingine wa duka. RTX 3080 ya 2020 imepangiwa wati 320, kadi peke yake. RTX 4090 ya 2022 ni wati 450. Sizilaani. Ni kazi za akili kubwa. Ila zimebuniwa kwa nyumba ambayo chumba cha jirani kiko ng'ambo ya ua na kiyoyozi kiko ukutani. Kuileta kwenye chumba cha bati, Oktoba, kabla mvua hazijafungua, ni kuwasha jiko na kumwambia mwenzako apulize.

Hapo naisikia hoja ya kwanza dhidi yangu, na ni hoja ya haki: kwani kompyuta ndiyo kelele pekee Majengo? Majogoo je? Baa je? Mahubiri ya usiku kwenye spika, harusi, msiba, bodaboda isiyo na bomba la moshi? Katikati ya hayo yote feni ya kompyuta ni nini? Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza kelele ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30 usiku. Kwa mtaa wetu pendekezo hilo linasomeka kama hadithi ya paukwa pakawa. Hata serikali ilitunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo mwaka 2015, na kila mtu anajua anapolala usiku wa Jumamosi zinatii nini.

Lakini nadhani masikio yetu yana hekima ambayo vipimo vya desibeli havina. Kelele ya harusi ni kubwa kuliko feni elfu, na hatuchukii, kwa sababu imekuja na mwaliko. Hata kama hukupewa kadi, unajua kuna siku itakuwa ya mwanao na wao watakesha wakisikiliza yako. Kelele ya msiba inakuambia njoo. Mchi unaotwanga kisamvu unakuambia kuna mtu anahangaikia chakula. Kibanda cha gemu pale kona, vijana wanne wanagombania padi mbili na wengine kumi wamesimama nyuma wanatoa ushauri, kelele yake ni ya watu. Ukitaka unaingia na unakuwa sehemu yake. Feni haimwiti mtu. Ni mlio wa starehe ya mtu mmoja aliyejifungia. Jirani anapata masalia ya raha ambayo hakualikwa kuila.

Na tazama kioja kilichopo. Mchezaji mwenyewe kavaa hedifoni. Yeye feni haisikii. Anasikia nyasi za uwanjani, injini, watangazaji. Katika nyumba nzima, mtu pekee asiyesikia kompyuta yake ni mwenye kompyuta. Mwenye nyumba wa methali alikuwa angalau anausikia mlango wake akaamua kuuvumilia. Huyu wetu ameununua uvumilivu kwa bei ya hedifoni, na bili ya mlio ameipitisha juu ya ukuta.

Neno bili nimelichagua makusudi. Nyumba nyingi za kupanga zina mita moja ya LUKU kwa wapangaji wote. Mnachanga. Na mnajua ugomvi wake: nani ana friji, nani anapiga pasi kila siku, nani amenunua hita kwa siri. Mashine ya wati 200 ikichezewa saa nne inakula uniti 0.8, ya wati 500 kwa saa hizohizo inakula uniti mbili. Hilo litaonekana, litasemwa, na mwisho kijana ataambiwa aongeze mchango. Mambo yatakwisha, kwa sababu umeme una mita. Kelele haina LUKU. Haikatiki ikiisha, haionyeshi namba nyekundu, wala hakuna anayeweza kusema koridoni kwamba chumba namba tatu jana usiku kimetumia uniti tano za usingizi wangu. Na kisichopimwa, maskini ndiye hukilipa bila risiti.

Jambo hili la kelele kuvuka ukuta limewasumbua watu wazito kabla yetu. Kuna kesi maarufu ya London, Sturges dhidi ya Bridgman, iliyoamuliwa mwaka 1879. Mtengeneza peremende alikuwa na vinu na michi jikoni kwake, akitwanga zaidi ya miaka 20 bila malalamiko. Jirani yake daktari akajenga chumba cha kupimia wagonjwa mwisho wa bustani yake, ukuta kwa ukuta na jiko lile. Sasa kila mchi ukishuka daktari hasikii kifua cha mgonjwa. Mahakama ikampa haki daktari; vinu vikazuiwa. Mwaka 1960 mwanauchumi Ronald Coase, aliyekuja kupata Nobel mwaka 1991, aliirudia kesi hiyo na kusema jambo linalochoma: madhara yana pande mbili. Kumruhusu mwenye kinu kunamuumiza daktari, na kumzuia mwenye kinu kunamuumiza mwenye kinu. Kwa hiyo, alisema, tuangalie nani anaweza kuepuka madhara kwa gharama ndogo zaidi, na kama kujadiliana hakugharimu kitu, wenyewe watafikia mapatano yenye faida kubwa kwa jumla.

Naikubali nusu ya kwanza. Kijana wa gemu si mhalifu. Amefanya kazi kutwa, hana uwanja, hana sinema, na saa zake mbili za usiku ndizo utajiri wake. Ukimnyima umemnyima kitu. Nusu ya pili ndiyo inayonishinda, kwa sababu Majengo kujadiliana kunagharimu. Mama wa maandazi ataanzaje kumwambia kijana, "Mwanangu, kompyuta yako inanisumbua," wakati juzi kijana huyohuyo alimbebea ndoo za maji? Atasema haina neno. Atasema, "Cheza tu baba, mimi nikilala nimelala." Katika adabu zetu malalamiko ni mzigo wa anayelalamika, anayesema ndiye anayeonekana mkorofi. Ukimya wake dukani ungehesabiwa kuwa ridhaa, ila kwenye korido ni heshima, na heshima haifai kugeuzwa mtaji.

Wasimulizi wa maisha ya Immanuel Kant wanaeleza kwamba mwanafalsafa huyo alikerwa na jogoo wa jirani, akataka kumnunua kwa bei yoyote, mwenye jogoo akakataa kwa sababu hakuelewa jogoo anawezaje kumsumbua mtu mwenye hekima. Kant akahama nyumba. Watu huisimulia kwa kicheko. Mimi naona huzuni yake katika neno kuelewa. Mwenye jogoo hakuwa mkatili. Alikuwa ameuzoea mlio wake mpaka ukawa si mlio tena. Na Kant alikuwa na uwezo wa kuhama. Mama wa maandazi kodi yake ya miezi sita imeshalipwa.

Ndiyo maana nasema mstari wa jirani lazima uandikwe na mnunuzi mwenyewe, kabla ya kwenda dukani, bila kusubiri aombwe. Aliye na uwezo wa kupunguza madhara kwa gharama ndogo ndiye Coase angemtazama, na huyo ni yeye mwenye mashine.

Hoja ya pili ni ya pesa: unamwongezea maskini gharama. Ukimya ni anasa ya matajiri, utasema. Ingekuwa hivyo kama ukimya ungenunuliwa kwa kuongeza. Lakini sehemu yake kubwa hupatikana kwa kupunguza, na kupunguza ni bure. Skrini ya kawaida huonyesha fremu 60 kwa sekunde. Kompyuta isipowekewa kikomo inaweza kutengeneza 140, na 80 zinazozidi hazionekani kamili kwa jicho lolote. Ni kupika pilau la watu 140 na wageni wako ni 60. Weka kikomo kwenye mipangilio ya gemu, dakika moja tu, na feni itashusha pumzi. Kadi nyingi pia hukubali kupunguziwa volti kidogo bila kupoteza kasi. Volti zikishuka kwa asilimia 10, umeme unaotumika kwenye kazi ileile hushuka kwa takriban asilimia 19, maana unakwenda kwa kipeo cha pili cha volti. Kiangazi cha Katavi kina vumbi, na vumbi kwenye mapezi ya kupoza huilazimisha feni ikimbie. Brashi ya rangi ya shilingi chache na nusu saa kila mwezi vinatosha. Kasha likitolewa juu ya meza ya mbao na kuwekwa juu ya kipande cha mkeka mnene, mtetemo hauendi ukutani. Na ile UPS inayopiga piii piii umeme ukikatika saa saba usiku, nyingi zina namna ya kuzimwa mlio.

Yote hayo hayana bei ya kutisha. Yanadai kitu kimoja ambacho maduka hayakiuzi, nacho ni kiasi: kukubali kwamba picha itakuwa nzuri na si nzuri kuliko zote, na kwamba nguvu ambayo chumba hakiwezi kuimeza inaishia kwa mtu mwingine. Wengine watasema huo ni unyonge uliovikwa hekima. Sidhani. Mnyonge hukosa cha kuchagua. Mwenye laki tisa mkononi, anayeiona kadi ya mtumba yenye wati nyingi kwa bei ileile na bado akachukua ya wati 75 kwa sababu ya mtu aliyelala nyuma ya ukuta, amefanya kitendo cha hiari kamili. Na kitendo hicho hakuna atakayekijua. Jirani hatakuja kushukuru kwa mlio ambao hakuusikia. Wema wa namna hii hauna shahidi, na pengine ndio sababu ni nadra.

Naongeza kipengele kimoja ambacho karatasi za vifaa huwa zinakisahau. Unaweza kukusanya mashine isiyosikika hata ukiilalia sikio, SSD, feni pana, volti zimeshushwa, kila kitu. Halafu dakika ya 89, timu yako imefungwa, wewe na hedifoni zako unapiga kofi kibodi na kupaza sauti: "Refa gani huyu!" Nyumba nzima inaamka. Prosesa ina wati zake zilizoandikwa kwenye kasha. Mchezaji hajaandikwa wati zake popote, na hakuna kikomo cha fremu kitakachomshika.

Kwa hiyo karatasi ya bajeti, kwa maoni yangu, ianze kujazwa kutoka chini. Kwanza saa ambayo mama wa chumba cha pili huamka. Kisha saa utakayozima, ukihesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Kisha wati ambazo chumba na LUKU ya pamoja vinaweza kubeba. Halafu, kwa pesa iliyobaki, prosesa, kadi, memori na mengine. Ukienda hivyo utashangaa jinsi orodha inavyojipanga yenyewe, na jinsi inavyokuwa ya bei nafuu. Mashine itakayotoka itacheza mpira vizuri tu. Na ukimfunga mtu bao la dakika za majeruhi, shangilia kwa moyo wote, mdomo umefumba.